Oili ya Gari la Dizeli: Soma Alama za Mkebe Kabla Hujalipa

Ndizi zikitoka Taveta kwenda soko la Kongowea, mboga zikishuka kutoka Wundanyi na abiria wakisafiri kati ya Voi na Mwatate, kazi kubwa hufanywa na injini za dizeli. Pikapu, matatu, lori la mchanga na gari la wagonjwa, yote hutegemea lita chache za oili zilizomo ndani ya injini. Injini ikifa njiani ndizi hazisubiri, na mwenye gari hubaki akitafuta pesa za injini nyingine.

Hata hivyo, wengi wetu hununua oili kwa mazoea. Tunaagiza "ile ya dizeli" bila kuuliza zaidi. Wengine huchukua ya bei nafuu, na wengine huchukua ya bei ghali wakidhani kwamba ghali ndiyo bora. Somo la toleo hili ni moja: oili sahihi ni ile ambayo alama zake zinalingana na injini yako, iwe bei yake iko juu au chini. Alama hizo zimeandikwa kwenye mkebe, na kila mwenye gari anaweza kujifunza kuzisoma.

KAZI YA OILI KATIKA INJINI YA DIZELI

Kila mtu anajua kwamba oili hulainisha vyuma visisuguane. Lakini hiyo ni sehemu tu ya kazi yake. Oili pia hubeba joto kutoka kwenye pistoni na turbo, huziba mwanya mdogo kati ya pistoni na ukuta wa silinda, huzuia kutu, na huosha uchafu.

Kazi ya kuosha ndiyo inayotenganisha dizeli na petroli. Dizeli huwaka kwa mgandamizo mkubwa wa hewa, na inapowaka huacha masizi. Sehemu ya masizi hayo hupenya na kuingia katika oili. Yakiachwa yagandamane, huunda tope linaloziba njia za oili na kukwaruza beringi. Kwa sababu hiyo oili ya dizeli hutiwa viungo maalumu vinavyoyashika masizi na kuyafanya yaelee yakiwa vipande vidogo sana, hadi siku ya kumwaga oili.

Hapa tunapata jibu la lalamiko la kawaida gereji: "Nimebadilisha oili juzi na tayari ni nyeusi, nimeuziwa mbovu." Oili ya dizeli kuwa nyeusi mapema si kasoro. Mara nyingi ni dalili kwamba inafanya kazi ya kuosha. Cha kuogopa ni oili yenye rangi ya chai ya maziwa, maana huenda maji yameingia, au yenye chembe za chuma zinazong'aa.

ALAMA YA KWANZA: MNATO

Chukua mkebe wowote na utaona maandishi kama SAE 15W-40, 10W-30 au 5W-30. Hiki ni kipimo cha mnato, yaani jinsi oili inavyotiririka kwa wepesi au kwa uzito.

Nambari iliyo kabla ya herufi W hueleza tabia ya oili kwenye baridi. Nambari ikiwa ndogo, oili hutiririka kwa wepesi zaidi injini inapowashwa ikiwa baridi. Oili ya 15W hupimwa uwezo wake wa kuruhusu injini kuzungushwa ikiwa kwenye nyuzi 20 chini ya sufuri, na ya 5W kwenye nyuzi 30 chini ya sufuri. Kaunti yetu haina baridi ya namna hiyo, hata juu Wundanyi wakati wa ukungu wa Julai. Kwa hivyo hofu ya baridi isikufanye ununue oili ambayo injini yako haihitaji.

Nambari ya pili hueleza mnato oili ikiwa moto, kwenye nyuzi 100. Oili ya 40 ni nzito kuliko ya 30, na ya 50 ni nzito zaidi. Wapo wanaosema kwamba kwa joto la Voi, au kwa mlima wa kupanda Wundanyi na mzigo, ni lazima uweke oili nzito kuliko zote. Si kweli. Injini ina mfumo wake wa kuipoza, na watengenezaji walipima nafasi kati ya vyuma kwa kufikiria mnato fulani. Ukiweka oili nzito kupita kiasi, huchelewa kufika kwenye turbo na sehemu za juu za injini asubuhi, na injini hutumia nguvu zaidi kuisukuma. Ukiweka nyepesi kupita kiasi, utando wake huweza kukatika pale vyuma vinapobanana kwa mzigo. Kitabu cha gari kikiruhusu minato miwili au mitatu kulingana na joto la mahali, chagua kati ya hiyo. Usitoke nje ya orodha.

ALAMA YA PILI: DARAJA LA UBORA

Mikebe miwili inaweza kuandikwa 15W-40 na bado ikawa na oili tofauti kabisa. Tofauti iko kwenye alama ya pili, ambayo wengi huiruka. Mara nyingi huanza na herufi API, ambayo ni taasisi ya petroli ya Marekani inayopanga madaraja ya oili.

Baada ya API, herufi S ni ya injini za petroli na herufi C ni ya injini za dizeli. Herufi inayofuata hueleza kizazi cha oili. Kadiri inavyosonga mbele katika alfabeti, ndivyo daraja lilivyo jipya. CF-4 ilianza mwaka wa 1990, CH-4 mwaka wa 1998, CI-4 mwaka wa 2002, CJ-4 mwaka wa 2006, na CK-4 mwishoni mwa mwaka wa 2016. Nambari 4 humaanisha injini ya mikupuo minne.

Tusome mkebe mmoja pamoja. Umeandikwa "SAE 15W-40, API CI-4/SL". Maana yake ni hii: mnato ni 15W-40, daraja la dizeli ni CI-4, na oili hiyo inaweza pia kutumika kwenye injini ya petroli inayohitaji daraja la SL. Kwa kuwa CI-4 imetangulia kuandikwa, oili hii ilikusudiwa kwanza dizeli. Mkebe ulioandikwa S peke yake, bila C na bila alama nyingine ya dizeli, si wa gari lako la dizeli hata kama muuzaji anakuambia "oili ni oili".

Madaraja ya CF-4 na yale ya kabla yake yamepitwa na wakati. Bado utayakuta madukani kwa bei ya kuvutia, lakini kwa injini yenye turbo inayofanya kazi nzito, bei hiyo nafuu huweza kukugharimu baadaye.

Kuna daraja moja la kuangaliwa kwa makini, nalo ni FA-4. Lilianza pamoja na CK-4, lakini ni la oili nyepesi kwa injini mpya maalumu za malori. Usilitumie ila kitabu cha gari lako kiwe kimelitaja.

SWALI LINALOAMUA: GARI LAKO LINA KICHUJIO CHA MASIZI?

Hapa ndipo penye hasara kubwa siku hizi. Kenya hairuhusu gari lililotumika la zaidi ya miaka 8 kuingizwa nchini. Maana yake ni kwamba magari ya dizeli yanayotoka Japani na kushukia Mombasa ni ya kizazi kipya, na magari madogo ya abiria miongoni mwake huja na kichujio cha masizi kwenye mfumo wa moshi. Mafundi hukiita kwa herufi tatu, DPF.

Kichujio hiki hushika masizi yasitoke hewani. Kikijaa, gari hupandisha joto la moshi hadi takriban nyuzi 600 na kuyachoma masizi hayo, kisha kichujio huwa wazi tena. Lakini kuna kitu ambacho moto huo hauwezi kukichoma, nacho ni majivu ya oili. Kila injini huunguza oili kidogo. Viungo vilivyomo kwenye oili vina madini kama kalsiamu, magnesi na zinki, na vikiungua huacha majivu. Majivu hayo hukaa ndani ya kichujio na hayatoki. Oili ya kawaida yenye majivu mengi ikitumika kwa muda, kichujio huziba, gari hukosa nguvu, taa huwaka kwenye dashibodi, na mwenye gari hutajiwa bei ya kichujio kipya.

Kwa hivyo gari lenye kichujio lahitaji oili yenye majivu machache. Alama za kutafuta ni hizi:

- JASO DL-1, ambacho ni kipimo cha Wajapani kwa magari madogo ya dizeli yenye kichujio. Majivu yake hayazidi asilimia 0.6.
- ACEA C2 au C3, vipimo vya watengenezaji wa Ulaya kwa magari madogo yenye kichujio.
- JASO DH-2, kwa malori na mabasi ya Kijapani yenye kichujio.
- API CJ-4 au CK-4, ambayo majivu yake hayazidi asilimia 1.0. Hizi ni za magari makubwa yenye kichujio, na kwa gari dogo zitumike tu ikiwa kitabu kimeruhusu.

Utajuaje kama gari lako lina kichujio? Washa ufunguo bila kuwasha injini, kisha tazama dashibodi kama kuna taa yenye herufi DPF au picha ya kisanduku chenye nukta ndani. Ukikosa uhakika, mwombe fundi aingie chini ya gari akaangalie mfumo wa moshi. Usitegemee jina la gari tu. Pikapu mbili zenye jina moja na umbo moja, moja iliyoundwa kwa soko la Afrika na nyingine kwa soko la Japani, huweza kutofautiana: moja ina kichujio na nyingine haina.

MIFANO MITATU

Gari la kwanza ni Land Cruiser ya zamani yenye injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na turbo wala kichujio. Injini ya aina hii iliundwa nyakati ambazo CF na CF-4 zilitosha. Oili ya 15W-40 ya CH-4 au CI-4 itaihudumia vizuri. Kununua oili ghali ya majivu machache kwa injini hii ni kupoteza pesa.

Gari la pili ni pikapu au matatu yenye turbo lakini isiyo na kichujio, inayobeba mzigo kila siku. Hapa CI-4 ni chaguo zuri, kwa mnato ulioandikwa kwenye kitabu. Turbo huzunguka kwa kasi kubwa mno na hutegemea oili kwa kulainishwa na kupozwa, kwa hivyo usishuke daraja kwa ajili ya kuokoa shilingi mia chache.

Gari la tatu ni Mazda CX-5 ya dizeli iliyotoka Japani, ambayo ina kichujio. Hili lahitaji oili ya DL-1 au C3, na mnato wa 0W-30 au 5W-30 kama kitabu kinavyoeleza. Ukilimwagia 15W-40 ya CI-4, gari litawaka na kwenda kama kawaida siku hiyo. Madhara huja polepole, na ndiyo maana mtu husahau kuyahusisha na oili.

Mwenye gari la namna hii ana jambo la ziada la kuangalia. Injini inapochoma masizi kwenye kichujio, hunyunyiza dizeli zaidi, na kiasi fulani huteremka na kuchanganyika na oili. Safari zikiwa fupi kila siku, uchomaji hukatizwa mara kwa mara, na oili huongezeka badala ya kupungua. Kijiti cha oili cha Mazda hiyo kina alama ya X juu ya alama ya kujaa. Oili ikifika kwenye X, imwagwe na kubadilishwa mara moja. Oili iliyochanganyika na dizeli hupoteza nguvu ya kulainisha, na ikizidi sana injini huweza kuivuta na kuiunguza kama mafuta, ikashindwa kuzimika.

KITABU KIMEANDIKWA KIJAPANI, NIFANYE NINI?

Hili ni tatizo la kweli kwa magari mengi yaliyotumika. Lakini alama za oili haziandikwi kwa Kijapani. Fungua kurasa za mwisho zenye majedwali na utafute 0W-30, 5W-30, DL-1, CF-4 au C3. Utaziona zimeandikwa kwa herufi tunazozijua. Tazama pia kifuniko cha kumimina oili chini ya boneti, maana mara nyingi mnato umechapishwa hapo. Njia nyingine ni kupeleka nambari ya chesi kwa muuzaji rasmi wa aina ya gari lako na kumwomba akuthibitishie oili inayotakiwa.

KUPIMA NA KUBADILISHA

Pima oili angalau mara moja kwa wiki, na kabla ya kila safari ndefu. Egesha mahali tambarare, zima injini, subiri dakika chache oili iteremke, futa kijiti, kichovye tena, kisha usome. Oili iwe kati ya alama mbili. Kujaza kupita alama ya juu kuna madhara kama vile kupungukiwa.

Ukipungukiwa njiani na usipate oili ya jina ulilozoea, ongeza oili ya jina lingine yenye mnato na daraja lile lile. Ni salama, na ni afadhali mara nyingi kuliko kuendelea na safari injini ikiwa kavu.

Kuhusu muda wa kubadilisha, vitabu vingi vya magari hutoa vipindi viwili: kimoja cha matumizi ya kawaida na kingine kifupi cha kazi nzito. Kazi nzito hujumuisha vumbi, mzigo mkubwa, kuvuta trela, na safari fupi za mjini. Mkaazi anayebeba mawe Kasigau au mazao kwenye barabara za vumbi yumo katika kundi la kazi nzito, hata kama haoni kitu cha ajabu katika safari zake. Afuate kipindi kifupi, na abadilishe kichujio cha oili pamoja na oili yenyewe. Kuacha kichujio kichafu na kumwaga oili mpya ni kama kuoga na kuvaa nguo chafu.

JIHADHARI NA OILI GHUSHI

Alama sahihi hazina maana ikiwa kilichomo ndani ya mkebe si oili halisi. Kagua kizibo kama kina pete isiyokatika na utando chini yake ambao haujatobolewa. Kagua tarehe na nambari ya kundi zilizochapwa kwenye mkebe. Ukiona alama ya ubora ya KEBS, tuma ujumbe mfupi wa SM# ukifuatwa na nambari iliyo chini ya alama hiyo kwenda 20023, nawe utajibiwa bidhaa hiyo ni ya nani. Jibu lisipolingana na mkebe, usinunue.

Oili ya kupima kutoka kwenye pipa lililo wazi haina alama ya kusoma, na huwezi kujua ni daraja gani. Baada ya sevisi, toboa au kata mkebe mtupu kabla ya kuutupa, kwa sababu mikebe mizima huokotwa na kujazwa oili ghushi.

OILI CHAFU ISIMWAGWE CHINI

Oili iliyotumika ina madini mazito na kemikali zinazohusishwa na saratani ya ngozi. Usiimwage mtaroni, usiitumie kutuliza vumbi uani, na usiipake miti ya ua kwa ajili ya mchwa. Kaunti yetu ina chemchemi za Mzima zinazopeleka maji hadi Mombasa, ina maziwa ya Jipe na Chala, na vijito vinavyoteremka kutoka milima ya Taita. Oili ikifika kwenye maji ni vigumu mno kuitoa. Ikusanye kwenye mtungi wenye kifuniko na uirudishe kwenye gereji inayoikabidhi kwa wakusanyaji wenye leseni ya NEMA.

KATA SEHEMU HII UIWEKE KWENYE GARI

1. Je, gari langu lina kichujio cha masizi? Ndiyo au la.
2. Kitabu au kifuniko cha oili kinataja mnato gani?
3. Kitabu kinataja daraja gani: C ya API, DL-1, au C ya ACEA?
4. Injini yangu hula lita ngapi pamoja na kichujio cha oili?
5. Nilibadilisha lini, na gari lilikuwa limefikisha kilomita ngapi?

Jaza majibu kwa kalamu. Siku ya sevisi mpe fundi karatasi hii kabla hajafungua mkebe, nawe ulinganishe kilichoandikwa kwenye karatasi na kilichoandikwa kwenye mkebe. Visipolingana, mwambie fundi asubiri kwanza.